Kanga Aliyezijua Njia kwa Nyayo

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika mbuga moja ya nyasi ndefu, aliishi Kanga. Simsemi kanga ya kuvaa, namsema ndege, yule wa madoadoa.

Mabawa alikuwa nayo, lakini alipenda kutembea. Kukicha tu, anawaita wanawe saba, wanashika njia. Cha-cha-cha-cha! Leo njia ya changarawe, kesho ya mchanga. Njia moja iliwapeleka kwenye mchwa, wakala wakashiba. Nyingine iliwaingiza kwenye siafu, wakatoka mbio wakirukaruka. Siku moja walimkuta Digidigi analia, kafiwa na mumewe. Wakatembea naye kimya mpaka machozi yakakauka. Siku nyingine mvua iliwanyeshea, wakarudi wamelowa chapachapa, wanacheka.

"Kanyageni msikie," Kanga aliwaambia wanawe. "Hapa pagumu. Hapa panateleza. Hapa pana ubaridi, maji yako karibu."

Mbayuwayu akapita juu, vyuu! "Dada Kanga, hayo mabawa ni pambo? Mimi mbuga nzima naimaliza kabla wewe hujavuka kichuguu!"

Kanga akainua shingo. "Pita salama, ndugu yangu. Mimi njia zangu nazijua."

Roho ilimuuma kidogo, lakini hatua hakupunguza.

Basi kiangazi kikaja, nyasi zikakauka kau! Mchana mmoja moto ukazuka. Vuuu! Tatatata! Moshi ukatanda, hata mguu wako huuoni. Swala akakimbia, akagonga mti, pu! Ngiri na watoto wake wakazunguka, wakazunguka, wakajikuta palepale.

"Mbayuwayu!" wakalia. "Wewe uko juu, tuonyeshe njia!"

Mbayuwayu akaruka huku, akaruka kule. "Naona moshi! Naona moshi tu!" Moshi ukamkaba, akaanguka chini, pwata!

Kanga akawasikia watoto wa Ngiri wakikohoa. Moyo ukamdunda, du-du-du. Angeweza kuwatoa wanawe peke yao, upesi. Alikwishapiga hatua mbili. Akasimama. Akarudi.

"Shoga yangu Ngiri, mbebe Mbayuwayu mgongoni. Kila mmoja amshike mwenzake mkia. Nifuateni sauti!"

Akafumba macho, maana hayakuwa na kazi tena. Kanyaga. Changarawe. Kanyaga. Changarawe. Moto unanguruma nyuma. Kanyaga. Mchanga!

"Kushoto!"

Kanyaga, kanyaga. Mchanga unachoma.

"Kanga, umepotea!" Ngiri akalia.

"Sijapotea. Tembea!"

Kanyaga, kanyaga, kanyaga. Unyayo ukapata ubaridi.

"Hapa! Shukeni!"

Chubwi! Chubwi! Wote bwawani. Moto ukafika ukingoni, ukanguruma, ukanung'unika, ukafa.

Kanga akawatazama mmojammoja. Wanawe saba, wapo. Ngiri na watoto wake, wapo. Swala yupo, na nundu yake kwenye paji la uso. Mbayuwayu yupo, anakohoa. Ndipo Kanga akanyoosha shingo, akapaza sauti mbuga nzima isikie:

"Nimewafikisha! Kwa miguu yangu hii, nimewafikisha!"

Hakuna aliyecheka.

Kesho yake asubuhi, Mbayuwayu akatua mbele yake. Vijiguu vyake ni vifupi mno.

"Dada Kanga, nifundishe kutembea."

"Njoo nyuma yangu."

Mbayuwayu akaenda hatua tatu, akaanguka. Akainuka. Akaanguka tena. Na Kanga, ambaye hakuwahi kumpunguzia mtu mwendo, siku hiyo alitembea polepole, kifua mbele, akimsubiri.

Watoto, na nyinyi wakubwa, sikilizeni. Jambo unalolifanya kila siku kwa moyo wako wote, jivunie, hata wanaokupita wakikucheka. Na siku likihitajika, wape wote, na hao waliokucheka wape pia.

Hadithi yangu imekoma hapo. Aliyekaa na ainuke, atembee.