Sauti Kutoka Nyumba ya Siwema

Sogeeni, nisiinue sauti. Mto ulipofurika, Siwema, mjane wa bondeni, alipanda kilimani na mwanawe Tunu mgongoni, akaketi hoi. Ndani ya maji mlikuwa na zimwi. Likaingia nyumbani kwa Siwema, likalia kama mbuzi wake wa pekee. Siwema hakuinuka. Likadunda kama kinu cha marehemu mamake. Hakuinuka. Mara ya tatu likaita kwa sauti ya mumewe: “Mama Tunu, njoo unishike mkono.”

Siwema akasimama.

“Mama, ni baba,” Tunu akasema.

“Baba yako tulimzika, mwanangu,” akajibu, akaketi tena, akalia mpaka maji yakaibeba nyumba na sauti ikanyamaza.

Maji yalipopungua walishuka, wakaanza kukanda udongo wa nyumba mpya. Nami nimefika mwisho, niacheni nipumzike.