Sumaku Chini ya Dira

Wapendwa, leo nawaletea fundi mmoja wa kiwanda cha boti kando ya ziwa. Alikuwa fundi mkuu kwa miaka kumi na minne. Kisha akaajiriwa binti mmoja, akatengeneza boti inayojiendesha bila nahodha, ya kupeleka damu hospitali ya kisiwani. Injini moja ikifa, boti yenyewe inagundua na kuendelea na iliyobaki. Tangu hapo wageni wakija walimpita fundi mkuu wakauliza, "Yule dada yuko wapi?"

Mnaujua uchungu wa kupitwa hivyo? Fundi alikula nao, akalala nao. Hata chai ikimfikia binti kabla yake, aliona.

Ikafika siku ya majaribio. Wakubwa wa hospitali walikuja wenyewe kuamua kama waichukue boti au waiache. Na pale kiwandani wana utaratibu: aliyetengeneza boti hachagui hitilafu ya kuijaribu. Huichagua mwenzake, kwa siri, na huwa moja tu.

"Shikamoo, kaka. Leo niharibie wewe," binti akasema.

"Marahaba. Usije ukalia tu."

"Nikilia utanibembeleza."

Fundi akapanda botini peke yake. Akatega injini ya kulia izimike katikati ya safari. Hiyo ndiyo moja. Kisha akatoa mfukoni sumaku ya spika mbovu, akaibandika chini ya dira. Moyoni alikwisha kuiona boti ikipotea njia na kugonga mwamba, na wageni wakigeuka kumtafuta yeye.

Boti ikaondoka. Mbali kidogo na gati injini ya kulia ikazima. Boti ikayumba, ikasimama. Ikakaa pale.

"Imekwisha hiyo," fundi akasema, kwa sauti ya kutosha wageni wasikie.

Binti akatazama simu yake, akawasomea ujumbe wa boti: "Injini ya kulia imekufa. Dira inapingana na setilaiti, siiamini. Nimesimama. Njooni mnichukue."

Daktari wa kisiwani akauliza, "Kwa hiyo ikiwa na shaka haibahatishi?"

"Haibahatishi, daktari."

"Basi tunaichukua."

Wageni walipokwenda kunywa soda, binti akamsogelea fundi. "Kaka, uliweka ngapi?"

"Moja."

"Una hakika?"

"Kazi hii naifanya tangu uko shule ya msingi. Moja."

Binti akaizima simu. "Nilitaka nisikie kutoka kwako," akasema, akaenda kuivuta boti.

Tumcheke fundi, wapendwa? Mimi siwezi. Boti haikuvunjika kwa sababu ilisema mapema: hapa nimeharibika. Fundi aliulizwa mara mbili, kwa upole, hakuna mwingine aliyesikia, na bado hakuweza kusema. Sisi je? Tunaungama ulevi, tunaungama ugomvi. Nani kati yetu amewahi kusimama akasema, "Namwonea wivu ndugu yangu"? Tunauita uzoefu. Tunauita kusema ukweli tu. Na safari tunaendelea nayo.

Unamjua unayemwonea wivu. Huenda ameketi benchi moja nawe asubuhi hii. Kabla hujafika nyumbani, mwendee umwambie. Usidhani utamshtua. Anajua siku nyingi, na bado anakusalimia.