Pimbi Aliyeitaja Chai ya Bi Digidigi

Paukwa!

Pakawa!

Ninyi wa kule nyuma, sauti zenu zimeganda kwa baridi? Paukwa!

Pakawa!

Naam, sasa nimewasikia. Watoto sogeeni mbele, wakubwa nyamazeni kidogo, tusikilizane.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya majabali na ukungu, aliishi Pimbi. Alikuwa mwanamke mpweke, hana mume, hana mtoto. Alikaa juu ya jabali lake. Asubuhi hulamba umande. Mchana hutafuna majani. Jioni hujikunja akalala. Chai hakuijua. Wanyama wote wa bondeni walikuwa na majiko yao, na kila kulipokucha moshi ulipanda. Pimbi aliutazama moshi ule kutoka juu, akadhani wenzake wanaota moto tu.

Siku moja ikanyesha mvua. Si mvua ya mchezo. Shaaa! Shaaa! Jabali likawa mto. Pimbi akateremka mbio, tapu tapu tapu, akabisha mlango wa kwanza aliouona. Ulikuwa mlango wa Shangazi Nungunungu.

"Hodi, Shangazi! Nakufa kwa baridi!"

"Karibu, mwanangu. Pita, lakini jihadhari na miiba yangu. Kaa hapo motoni. Shika hiki."

Akampa kikombe. Ndani mlikuwa na chai ya rangi, imetiwa tangawizi iliyopondwa. Pimbi akapuliza, fyuu. Akanywa, srrp. Moto ukamteremka kooni, ukafika tumboni, ukaenda mpaka kwenye kucha.

"Shangazi! Hiki ni kitu gani?"

"Chai, mwanangu."

"Nanyi mnakunywa kila siku?"

"Kila siku."

"Na mimi niko kule juu nalamba mawe!"

Shangazi akacheka hadi miiba ikalia, chaka chaka chaka.

Basi tangu hapo Pimbi hakutulia. Kukicha, yuko bondeni. Moshi ukipanda kwa Kima, Pimbi yuko mlangoni kwa Kima. "Hodi! Mnapika nini?" Kima alipika mchaichai. Fyuu, akapuliza. Srrp, akanywa. "Lo! Hii inaingia puani kabla haijafika mdomoni!" Moshi ukipanda kwa Ngiri, Pimbi yuko mlangoni kwa Ngiri. Ngiri alipika chai ya maziwa yenye iliki, nzito, yenye utando juu. Fyuu. Srrp. "Lo! Hii ni chai au ni chakula?"

Nyumbani kwake akaanza kujipikia. Na alivyojipikia, jamani, ni vituko! Siku ya kwanza alisahau majani, akanywa maji ya moto, akayasifia. Siku nyingine alitia kila kitu pamoja: tangawizi, mchaichai, iliki, karafuu na mdalasini, akachemsha hadi sufuria ikawa na uji mweusi. Akanywa. Macho yakamtoka, moyo ukampiga kama ngoma, akazunguka jabali lake mpaka jua lilipochomoza.

Majirani walimcheka, lakini walimpenda. Mgeni anayefurahia chakula chako humfukuzi. Naye hakuwa mvivu. Akija aliwabebea kuni, akiondoka aliosha vikombe. Pole pole ulimi wake ukaamka. Akaweza kusema, "Shangazi, leo tangawizi imezeeka." Kweli imezeeka. "Ngiri, maziwa haya yalishika moshi." Kweli yalishika moshi. Watu wakaanza kumwita wamuulize. "Pimbi, njoo uonje. Iko sawa?" Na Pimbi, ambaye zamani hakuna aliyemuuliza kitu, akapenda sana kuulizwa.

Sasa, kule kwenye kichaka cha juu, karibu na chemchemi, aliishi Bi Digidigi na mumewe. Wadogo wawili, macho makubwa, masikio yasiyolala. Pimbi alimkuta Bi Digidigi alfajiri moja akichuma majani. Hakuchuma ovyo. Alichuma ncha tu, vile vijani vichanga visivyoguswa na jua. Akavianika juu ya jiwe lenye joto. Akateka maji ya chemchemi. Akachemsha taratibu, akafunika, akangoja.

"Kaa, dada," akasema Bi Digidigi. "Usiharakishe."

Akammiminia. Chai ile ilikuwa na rangi ya asali. Haina sukari, haina kiungo. Fyuu, Pimbi akapuliza. Srrp, akanywa.

Safari hii hakusema "Lo!" Alikaa na kikombe mkononi, na machozi yakamlengalenga, wala hakujua kwa nini.

Bwana Digidigi akatabasamu. "Mgeni wetu amepotea huko ndani."

"Bi Digidigi," Pimbi akasema mwishowe, "zote nilizokunywa zilikuwa zinanipigia kelele. Hii inaniongelesha."

"Njoo uinywe kila unapotaka. Ila nakuomba kitu kimoja, dada yangu. Usinitaje. Sisi wadogo tunaishi kwa kutoonekana. Akitujua mmoja leo, kesho anatujua Chui."

"Nikutaje kwa nani? Mdomo wangu nimeufunga."

Akawa anakwenda. Wanakaa watatu kwenye kichaka, wanakunywa, wanazungumza kwa sauti ndogo. Pimbi hakuwa mpweke tena.

Haya. Nchi ile ilikuwa na mkubwa wake, Chui. Chui alikula nyama, akanywa maji, akalala. Hakuwa na haja na chai. Lakini akasikia bonde zima linaongea habari ya chai, chai, chai. Akakasirika.

"Nchi hii ni yangu. Iweje kuna utamu ambao mimi sijauonja?"

Akatoa amri. Kila mwenye sufuria aje nayo mbele ya pango. Na yule Pimbi anayejua kuonja, naye aje akae karibu yake, aseme ipi ni bora.

Wakaja wakitetemeka. Nungunungu na tangawizi yake. Kima na mchaichai wake. Ngiri na maziwa yake. Bi Digidigi hakuja, wala hakuna aliyeuliza, kwani hakuna aliyejua kwamba anapika.

Pimbi akaketishwa juu ya ngozi, ubavuni pa Chui. Ngozi laini. Hakuwahi kukalia kitu kama kile. Wote wakamtazama yeye.

Akaonja ya Kima. Fyuu. Srrp. "Inanukia vizuri, ila ulimi unabaki mtupu."

Akaonja ya Ngiri. Fyuu. Srrp. "Inashibisha, ila maziwa yameimeza chai."

Akaonja ya Nungunungu. Fyuu. Srrp. "Bwana Mkubwa, hii ndiyo bora hapa."

Wakashusha pumzi. Yameisha. Lakini Chui akageuza kichwa pole pole.

"Umesema hapa."

"Ndiyo, Bwana Mkubwa."

"Kwingine je?"

Shangazi Nungunungu akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu, akamkazia macho. Shangazi hakujua siri yenyewe, lakini alijua kwamba palipo na Chui, neno likizidi ni hatari.

Pimbi angeweza kusema, "Kwingine hakuna." Neno dogo tu. Lakini alikuwa amekaa juu ya ngozi laini, na mkubwa wa nchi anamuuliza yeye, Pimbi, mlamba mawe wa jana. Na moyoni akajiambia kwamba si vibaya, kwamba atampatia mwenzake sifa, kwamba chai njema kama ile haifai kufichwa kichakani.

"Bwana Mkubwa," akasema, na sauti yake ikapanda, "hizi zote ni za kujifunzia. Chai yenyewe iko juu, karibu na chemchemi. Anaipika Bi Digidigi. Anachuma ncha tupu, kabla ya jua..."

Akaeleza yote. Jiwe la kuanikia. Kichaka. Njia ya kufikia. Alieleza vizuri sana, maana aliipenda.

Chui akalamba midomo. "Digidigi," akasema. "Kumbe."

Kulipopambazuka Chui akapanda. Hakuuliza njia. Bwana Digidigi alimwona kwanza, akapiga mluzi wa hatari, zzwik! Akatoka kichakani mbio, akapita mbele ya Chui makusudi, ili mkewe apate kukimbia. Chui akamrukia. Bwana Digidigi hakupiga mluzi wa pili. Na mkewe hakukimbia. Alisimama pale, macho kwa mumewe. Chui akamburuta hadi pangoni.

"Pika," akamwambia.

Hakumruhusu kutoka kuchuma. Chui mwenyewe akakwanyua matawi, makavu kwa mabichi, akayatupa mbele yake. Akaleta maji ya dimbwi. Bi Digidigi akapika alichopewa. Pimbi akaitwa aje kuonja.

Pimbi alikuja mbio, ameshachana manyoya yake. Alidhani anakwenda kwenye karamu. Akaingia, akamwona mwenzake ameinama jikoni, shingo ina alama za meno. Akatazama huku na huku.

"Bwana Digidigi yuko wapi?"

Bi Digidigi hakuinua macho. "Kikombe chako hicho."

Basi akaelewa.

Chui alikuwa ameshaonja, amekunja uso. "Chungu! Inanuka tope! Hii ndiyo mnayoililia? Mmoja kati yenu ananifanyia mchezo. Ama huyu anaipika vibaya kwa makusudi, na hapo namla sasa hivi. Ama wewe ulinidanganya. Onja. Sema."

Fyuu, akapuliza. Srrp, akanywa.

Ilikuwa mbaya kweli. Ulimi wake uliijua, kila kitu ulikijua: jani lililokomaa, maji yaliyolala, moto uliowashwa kwa woga. Kwa mara ya kwanza Pimbi alitamani asingejua kuonja.

Akaweka kikombe chini.

"Ndiyo chai yake, Bwana Mkubwa. Ndivyo ilivyo siku zote. Mimi ndiye niliyekudanganya. Sijui chai. Nilianza kuinywa juzijuzi tu. Nilitaka nionekane mjuzi mbele yako."

Chui akamtazama. Kisha akacheka, na kicheko chake kilikuwa kibaya kuliko hasira.

"Ulimi kama huo si wa kuachwa ukitembea."

Akamkaba shingoni kwa mguu mmoja. Akachukua sufuria iliyokuwa bado inatokota motoni, akammiminia kinywani. Tsssss! Mayowe yake yakafika bondeni. Shangazi Nungunungu akaziba masikio.

"Na wewe," Chui akamwambia Bi Digidigi, "huna kazi hapa. Toka kabla sijaona njaa." Akajilaza. Chai ilikuwa imeshamchosha.

Wakatoka wote wawili. Mmoja mbele, mmoja nyuma. Walipofika njia panda, Pimbi akamshika mwenzake, kinywa kimevimba, maneno hayatoki sawasawa.

"Dada... nisamehe."

Bi Digidigi akasimama. Akamtazama kwa yale macho makubwa.

"Umenitoa pangoni. Nimeona ulichofanya, wala sitakisahau. Lakini mume wangu nani atamtoa? Mimi nilikuomba kitu kimoja tu."

Akajitoa mkononi mwake taratibu, bila hasira, akaenda zake. Hakurudi kwenye kile kichaka. Alihamia mbali, upande ambao hakuna anayeujua, na hakupika chai tena.

Pimbi alipona. Ngozi ya kinywa ikarudi, sauti ikarudi. Ladha haikurudi. Majirani hawakumfukuza. Ila kila akibisha hodi, walikuwa wakifunika sufuria kwanza, kisha ndipo wanamkaribisha. Mazungumzo yakawa ya mvua na kuni. Naye hunywa anachopewa, fyuu, srrp, akashukuru. Iwe tangawizi, iwe maji ya moto, kwake ni kitu kimoja.

Mafunzo yake ni haya, watoto, na ninyi wakubwa msijifanye hamsikii. Mnyonge akikuonjesha kitu chake kwa siri, siri hiyo si mali yako. Usiitoe mbele ya mwenye nguvu ili usifiwe. Unaweza kujuta hata ukautoa mwili wako, na bado usimrudishe aliyekwenda.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye hiyo njia panda na wale waliokwenda kila mmoja upande wake.