Kigelegele Baada ya Kengele

Palikuwa na kigelegele. Kimoja tu, kirefu, kilichopaa usiku baada ya kengele ya kuzima taa. Na palikuwa na mtu wa kukikasirikia: Mchungaji Mbwambo, Mkuu wa Chuo cha Biblia, mwenye kanuni arobaini na moja ukutani. Sketi ipite magoti. Mvulana na msichana wasishike kitabu kimoja cha nyimbo. Na ya kumi na tisa: vigelegele marufuku, isipokuwa harusini, au mtoto akizaliwa katika jamii ya chuo.

Asubuhi, ibadani, Mkuu alitangaza kwamba uji haupikwi mpaka mkosaji ajitaje. Asipojitaja, bweni zima la wasichana lifungashe virago, na mitihani wafanye wavulana peke yao. Wasichana wakainamisha vichwa. Mmoja akaanza kulia.

Nyuma kabisa, Bi Tabea mpishi alifuta mikono kwenye kanga, akasimama.

"Ni mimi, Baba Mchungaji. Waache watoto wanywe uji."

"Wewe? Miaka ishirini jikoni, hujui kanuni?"

"Naijua mpaka nukta yake. Nilipigiwa simu, mtoto amezaliwa. Wa kiume."

"Katika jamii ya chuo?"

"Ndani kabisa."

"Mke wa mwalimu gani?"

"Si mke wa mwalimu."

"Basi mama yake ni nani?"

"Hapo kanuni ya arobaini na moja imenishika ulimi."

Kanuni hiyo Mkuu aliiongeza mwenyewe miaka miwili nyuma, binti yake wa pekee alipoolewa na mpiga gitaa wa bendi. Jina la binti huyo lisitajwe tena chuoni. Atakayelitaja, afungashe siku hiyo hiyo.

Mkuu akakohoa. Akasema kwamba asiye na jina la kutaja hana utetezi, na asiye na utetezi njia anaijua.

"Nikitaja, nafungasha. Nisipotaja, nafungasha. Mtego mzuri, Baba. Hata panya wa stoo yangu huachiwa upenyo."

Benchi la wavulana lilitikisika kwa kicheko kilichomezwa.

"Eleza bila jina," alisema Mkuu.

"Alijifunza kutembea akishikilia masufuria yangu. Mezani kwako kiti chake kipo hadi leo, na hakuna anayekikalia. Kachanga kenyewe kana masikio yako, yale yale. Tumwombee kichwa kikue upesi kiyafikie."

Mkuu akavua miwani. Akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Nakunda," alisema kwa sauti ndogo. "Binti yangu Nakunda hajambo?"

"Hajambo, Baba. Sasa, kwa kanuni ya arobaini na moja: nikusaidie kufungasha, au nikakoroge uji?"