Kadi ya Zakayo Maritim

Makofi hayafuti pigo. Mliisikia methali hii jana kwa mwalimu wenu wa michezo, baada ya bao lile mlilolishangilia huku mfungaji akijua kwamba mpira ulimgusa mkono, na sasa mmenijia mkitaka kujua ilitoka wapi. Mmefanya vema kuuliza. Methali nyingi hazijulikani zilizaliwa lini. Hii inajulikana, nami nilikuwapo.

Ilianza Jumapili, tarehe 14 Machi mwaka 1982, saa tisa na dakika kumi alasiri, katika Klabu ya Gofu ya Sirikwet, nyanda za juu, kwenye mashamba ya chai. Mvua ya mawe ilikuwa imekatika robo saa tu kabla ya hapo. Jua lilitoka kwa ghafla, mvuke ukapanda kutoka kwenye majani ya chai, na uwanja mzima ulikuwa mweupe kwa chembe za barafu ambazo hazijayeyuka.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, katibu wa kamati ya mashindano. Cheo hicho nilipewa kwa sababu moja: nilikijua kitabu cha kanuni za gofu kwa ghaibu. Shule hii yenu, niliyolala katika mabweni yake miaka sita, ilinifundisha kuheshimu kilichoandikwa, na mimi nilijivunia jambo hilo kuliko suti niliyovaa. Yashikeni maneno hayo, maana siku ile hayakunisaidia.

Mchezaji ninayemsimulia aliitwa Zakayo Maritim. Alikuwa amebeba mifuko ya wenye klabu kwa miaka kumi na tisa, akiwa kedi, yaani mtu anayemfuata mchezaji na fimbo zake, anayemtafutia mpira na kumshauri upepo unavuma wapi. Kisha akajifunza kupiga, akapiga vizuri kuliko waliomwajiri, akaruhusiwa kucheza kama mchezaji wa kulipwa. Mwaka ule kamati yetu iliamua kwamba mshindi wa mashindano ya siku nne ndiye atakayeajiriwa kuwa mwalimu wa gofu wa klabu, kazi ya kudumu yenye nyumba ya mawe karibu na lango. Hakuna kedi aliyewahi kuipata. Maritim alikuwa na miaka thelathini na saba na goti la kushoto lililoanza kulalamika. Akishinda, angefundisha. Akishindwa, Jumatatu asubuhi angerudi kwenye mifuko, na goti lile lisingemvumilia miaka mingi.

Katika gofu, mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Walipofika shimo la kumi na nane, ambalo ni la mwisho, Maritim alikuwa mbele ya mpinzani wake kwa mapigo mawili. Mpinzani huyo alikuwa Fanuel Okwemba, kijana mrefu kutoka jijini, mpole, mwenye mkono mzuri. Kwa desturi ya mashindano, kila mmoja alikuwa akiandika hesabu ya mwenzake kwenye kadi.

Maritim alipiga pigo lake la kwanza, mpira ukaenda kushoto, ukaangukia kwenye nyasi nene chini ya mteremko. Kuutafuta mpira mweupe kati ya chembe nyeupe za barafu ni kazi ya kedi hasa. Aliukuta kabla ya mtu mwingine kufika. Akainama, akaondoa barafu iliyouzunguka, chembe moja baada ya nyingine, kwa vidole. Akasimama. Akatazama bendera. Akapiga. Mpira ulitoka majanini ukiwa umebeba matone ya maji, ukadunda mara mbili, ukatulia hatua nane kutoka kwenye shimo. Akamalizia kwa mapigo mawili zaidi. Jumla manne. Okwemba naye akapata manne.

Vijana wangu, sijasikia makofi kama yale tena. Makedi waliruka ua. Wake zao waliokuwa nje ya uzio wakipiga vigelegele waliingia ndani, na askari wa lango, badala ya kuwazuia, naye akaanza kupiga makofi. Mvua yenyewe haikuwa na kelele kiasi kile.

Tuliketi kwenye meza ya kadi, ukumbini, madirisha yakiwa wazi. Tulikuwa wanne: Kapteni wa klabu aliyeitwa Bwana Gichohi, mtu mnene mwenye sauti ya kuamuru; mimi; Okwemba; na Maritim. Okwemba alitia sahihi, akamsukumia Maritim kadi na kalamu.

“Hongera, kaka,” akasema. “Umenifundisha leo.”

Maritim hakuishika kalamu.

“Hapa shimo la mwisho umeandika nne,” akasema. “Ni sita.”

Okwemba akacheka. “Nne, kaka. Nilihesabu. Hata wale waliojaa kwenye ua wamehesabu.”

“Uliyahesabu ya fimbo. Nilikanyaga nyasi.”

Mimi nilielewa mara moja, na ni lazima niwaeleze nanyi. Makedi wa zamani walikuwa na kazi moja isiyotajwa. Mpira wa bwana ukiangukia kwenye nyasi nene, kedi hutangulia, husimama karibu nao kana kwamba anapima umbali, na kwa kisigino huzilaza nyasi zilizo nyuma ya mpira ili fimbo ipite bila kizuizi. Wao wenyewe waliiita kazi hiyo kumtandikia bwana. Bwana alijua, akanyamaza; mwishoni mwa mchezo alimwongezea kedi kitu kidogo. Kanuni inasema wazi: anayeboresha mahali mpira wake ulipolala huongezewa mapigo mawili.

“Miaka kumi na tisa nimewatandikia watu,” Maritim akasema. “Leo nilisimama pale nikatazama bendera, na mguu ukafanya kazi yake bila kuniuliza. Nilihisi nyasi zikilala. Nilijua kabla ya kupiga.”

“Nani alikuona?” Kapteni akauliza.

“Hakuna.”

“Okwemba, uliona?”

“Sikuona kitu, Bwana Kapteni. Nilikuwa upande wa pili.”

“Basi hakuna kilichotokea. Tia sahihi, mwanangu. Sikiliza huko nje.”

Nje walikuwa wakiimba jina lake.

Kapteni alinigeukia. “Katibu, wewe ndiye msomi wa kitabu. Msaidie.”

Nami nikamsaidia. Nayasema haya wazi. Nilifungua kitabu cha kanuni, kidole changu kikaenda moja kwa moja hadi mahali panaposema kwamba barafu inaweza kuhesabiwa kuwa kitu kisichoshikamana na ardhi, na kwamba mchezaji anaruhusiwa kukiondoa bila adhabu. Kilikuwa kifungu cha kweli, kilichochapishwa kwa herufi safi.

“Bwana Maritim,” nikasema, “ulikuwa ukiondoa mawe ya mvua. Kanuni inakuruhusu. Kama mguu uligusa nyasi wakati wa kuondoa barafu, hilo linaweza kuelezwa.”

Alinitazama kwa upole ulioniuma kuliko tusi.

“Bwana Katibu, barafu niliiondoa kwa vidole. Nyasi nilizilaza kwa kisigino. Wewe umesoma, usinitafutie kidole kwenye kiatu.”

Okwemba aliinamisha uso asicheke.

Kapteni alipiga meza. “Maritim! Unaijua nyumba ile pale langoni? Unajua nimegombana na watu wangapi ili kedi aruhusiwe kuigombea? Ukiandika sita mnafungana, mnarudi uwanjani, na kijana huyu ana miguu ya miaka ishirini na minne. Unataka nini?”

“Nataka kadi iseme nilichofanya.”

“Na hao wanaokupigia makofi?”

Maritim aliishika kalamu. “Bwana Kapteni, makofi hayafuti pigo.”

Akakata nne, akaandika sita. Okwemba, ambaye ndiye aliyeiandika kadi ile, alithibitisha sahihisho kwa mkono wake. Maritim akatia sahihi. Nami nikaipokea.

Habari ilitoka dirishani kabla ya Kapteni kusimama. Kuimba kukakatika. Kedi mmoja mzee, Kiptui, aliyebeba mifuko pamoja naye tangu ujana, aliingiza kichwa dirishani.

“Zakayo! Umerogwa na nani? Sisi sote tumetandika! Nani amewahi kuulizwa?”

“Hakuna aliyeniuliza, Kiptui.”

“Basi kesho uje tugawane mifuko!” akasema, akaenda zake akisonya.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa na kuingia Mzee Shitemi, mwalimu aliyemlea Okwemba. Shingoni alining'iniza darubini, na usoni alikuwa na furaha ya mtu aliyebeba siri. Hakuwa amesikia kilichotangulia. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye mteremko wa mbali, nyuma ya mashimo, ambako alikaa peke yake akitazama.

“Amekwisha kutia sahihi?” akaniuliza.

“Amekwisha, Mzee.”

“Kadi imepokewa?”

“Nimeipokea mimi.”

“Vizuri.” Akavuta kiti, akaketi. “Sasa nashtaki. Mtu huyu alilaza nyasi kwa mguu katika shimo la mwisho. Nimeona kwa darubini hii, kisigino cha kulia, mara moja. Mapigo mawili ya adhabu hayakuandikwa. Na mnajua vizuri kuliko mimi kwamba mwenye kutia sahihi kwenye kadi yenye hesabu pungufu anaondolewa mashindanoni. Haulizwi, hasamehewi. Anaondolewa.”

Mnaelewa alichokifanya? Alikuwa ameona tangu mwanzo. Angeweza kuja kabla ya sahihi, na Maritim angeongezewa mapigo mawili tu. Alingoja wino ukauke ili amfukuze kabisa.

Kapteni, ambaye dakika kumi zilizopita alitaka pigo lile lifichwe, aliichukua kadi mkononi mwangu. Akaigeuza, akaisukuma mbele ya mzee.

“Soma shimo la kumi na nane.”

Mzee Shitemi alitafuta miwani yake mifukoni. Alisoma. Akasoma tena, mara hii akifuata kwa kidole.

“Sita,” akasema.

“Wewe uliona kwa darubini,” Kapteni akamwambia. “Yeye aliona bila darubini.”

Kapteni alinitazama, nami nilijua anafikiri nini, kwa sababu nami nilikuwa nikifikiri lilelile. Kama Maritim angetusikiliza, kama angeutumia ule ukurasa wangu safi, wakati huo angekuwa nje ya mashindano, na klabu nzima ingetajwa pamoja naye.

Okwemba alisimama. “Mwalimu, ulijua tangu pale, ukakaa kimya ili mimi nishinde hivi?”

“Mwanangu, kanuni ni kanuni.”

“Ndiyo. Yeye ndiye aliyeifuata.” Akachukua mfuko wake wa fimbo. “Twende, kaka. Tukamalize kwa mipira.”

Saa kumi na nusu walirudi kwenye shimo lile lile la kumi na nane. Atakayelimaliza kwa mapigo machache ndiye mshindi. Barafu ilikuwa imeyeyuka. Watu walisimama pande zote mbili, kimya, na wengi wa makedi walikuwa bado wamenuna. Okwemba alipiga kwanza, mpira ukaenda katikati, mbali, safi. Maritim akapiga. Goti lilimsaliti kidogo, mpira ukapinda kushoto, ukaanguka katika nyasi zile zile nene.

Nilimsikia mtu nyuma yangu akisema taratibu, “Haya. Sasa tandika.”

Maritim aliteremka. Alipoufikia mpira alisimama hatua nzima kutoka kwake, mikono nyuma, visigino vimebanana kama askari kwenye gwaride. Nyasi zilikuwa zimesimama wima nyuma ya mpira, ndefu kuliko kiatu. Hakuzigusa. Alichagua fimbo nzito, akasogea mara moja tu, akapiga chini kwa nguvu zake zote. Majani yaliruka, na udongo, na katikati yake mpira. Ulipanda juu sana hata tukadhani hautafika. Ulianguka kwenye nyasi fupi, ukabingirika, ukapita karibu na bendera, ukasimama mkono mmoja tu kutoka shimoni.

Okwemba alipiga vizuri, mpira wake ukatulia hatua tano kutoka shimoni. Alijaribu kuutia, ukazunguka mdomo wa shimo ukatoka. Maritim akausukuma wake ndani. Matatu.

Kwa kitambo watu walikuwa kama hawajui kama wanaruhusiwa kushangilia. Kisha Kiptui, aliyesonya, akaruka ua kwa mara ya pili siku ile, akambeba Maritim mabegani akilia, akipiga kelele: “Matatu! Andikeni matatu! Kadi hii hata shetani na darubini yake hana la kusema!” Makedi wote wakamfuata, wakazunguka jengo la klabu, na kwa mara ya kwanza tangu lijengwe wakaingia kwa mlango wa mbele. Hakuna aliyewauliza. Kapteni ndiye aliyewashikia mlango.

Maritim aliikalia nyumba ya mawe miaka ishirini na mitatu. Wanafunzi wake aliwafundisha kusimama mbali na mpira kabla ya kuwafundisha kupiga. Makedi wa Sirikwet waliacha kutandika. Mwenye klabu aliyetaka kutandikiwa aliambiwa usoni kwamba makofi hayafuti pigo, na neno likatoka uwanjani, likaenda sokoni, likafika mahakamani, likafika hapa shuleni.

Jioni ile nilimfuata Maritim, nikamwambia: “Nina deni lako. Nilikufungulia kitabu ili nikufiche.”

Hakuniambia kwamba si kitu, maana kilikuwa kitu. Alifikiri, akasema: “Bwana Katibu, watu watalisema neno lile na kunipamba. Kila utakapoulizwa lilitoka wapi, sema mguu ulikuwa wangu. Na kitabu sema kilikuwa chako. Hivyo utakuwa umenilipa.”

Mmeniuliza, nami nimejibu. Mguu ulikuwa wa Zakayo Maritim. Kitabu kilikuwa changu. Makofi hayafuti pigo, na deni langu kwa leo nimelilipa.