Kampuni ya Umeme Iliyotaka Kuonyesha Filamu

Kisa hiki nimeletewa na mtu ambaye alikuwa bado amekasirika, na nilipomaliza kukisoma nikakasirika na mimi. Sasa ni zamu yako. Ukimaliza, mpelekee mwingine, hasa kama ana cheo.

Katika mji mmoja wa milimani aliishi mama mfugaji wa kuku, jina lake Nakijwa. Ugonjwa wa kideri ulikuwa umepita bandani kwake na kumwachia manyoya tu. Akaanza upya kwa mashine ya kutotolesha na mayai mia tatu. Kwa siku ishirini hakwenda harusini wala msibani, alikaa kuchunga joto. Ilikuwa imebaki siku moja. Ukitega sikio kwenye mashine uliwasikia vifaranga wakilia ndani ya maganda.

Umeme wa mji ule ulitoka kwa kampuni moja tu, iliyoitwa Maporomoko. Zamani Maporomoko waliijua kazi yao. Umeme ukikatika, ulikwenda kwenye dirisha la dharura, ukamkuta Fundi Shemdoe na daftari lake, na kabla hujafika nyumbani gari la ngazi lilikuwa limeshakupita njiani.

Kisha akaja mkurugenzi mpya, Bwana Mbonea. Huyu aliona kuuza umeme ni kazi ya kizamani. Kampuni itauza intaneti ya kasi, alisema, na ndani ya intaneti hiyo itaonyesha filamu, tamthilia na mpira. Nguzo si zipo? Waya wa intaneti upite hapo hapo.

"Bwana Mkurugenzi," Shemdoe alimwambia, "nguzo nyingine zimeoza chini. Ile ya mtaa wa Mashineni ndiyo inabeba laini ya mji mzima, na tangu mwaka jana nimeitia rangi nyekundu ing'olewe. Haifai kuongezewa hata uzi."

"Shemdoe, wewe unaona nguzo. Mimi naona watazamaji."

Basi mafundi wakaondolewa kwenye umeme, wakapewa kazi ya kufunga visanduku vya intaneti majumbani. Dirisha la dharura likapigwa kufuli. Mwenye shida aripoti mtandaoni, kwenye ukurasa wa kampuni, na ukurasa huo ulifunguka kwa intaneti ya kampuni peke yake. Kisanduku cha intaneti hiyo nacho kilitumia umeme. Soma tena kama hukuelewa. Yaani ili useme umeme umekatika, sharti uwe na umeme! Watu wazima na digrii zao walikaa kikao, wakanywa chai, wakapitisha hilo.

Siku ya kuzindua filamu hizo ilikuwa Jumamosi. Saa tatu asubuhi ukavuma upepo, wala haukuwa wa kutisha, na nguzo ya Mashineni ikalala barabarani na nyaya zake zote. Mashine ya Nakijwa ikanyamaza.

Nakijwa akapiga namba ya kampuni. Akapokelewa na muziki, kisha sauti tamu ikamkaribisha kutazama tamthilia mpya. Akapiga tena, akakaribishwa tena. Akamwachia mumewe, Ombeni, kazi ya kuchemsha maji na kuyatia kwenye chupa za kuwekwa kando ya mayai, akajifunga kanga kiunoni akashika njia ya ofisini.

"Leo hakuna mtu, mama," mlinzi akamwambia. "Wote wako ukumbini kwenye uzinduzi."

"Na mafundi?"

"Hao ndio wa kwanza. Wameamriwa wakajaze viti."

Akaenda ukumbini. Jenereta lilikuwa linanguruma nyuma, taa zinawaka mchana kweupe. Mlangoni kijana mwenye suti akamzuia.

"Kadi ya mwaliko, mama?"

"Sina kadi. Nina mayai mia tatu yanapoa. Niitie Fundi Shemdoe, dakika moja tu."

"Bila kadi haiwezekani, mama. Lakini usijali, leo tunarusha bure, unaweza kutazama hata kwa bando la simu yako."

Mkono ulimwasha kumzaba kibao. Akajizuia, akarudi nyumbani huku akisema peke yake njia nzima.

Ombeni alikuwa amechuchumaa mbele ya mashine, ameifunika kwa mablanketi mawili.

"Wamepunguza kulia," alisema.

Nakijwa akaketi chini. Machozi yalimtoka, ya hasira zaidi kuliko ya huzuni. Ndipo maneno ya yule kijana yakamrudia: tunarusha bure, hata kwa bando. Akachukua simu, akafungua matangazo ya uzinduzi.

Bwana Mbonea alikuwa jukwaani, koti linang'aa. "Ndugu zangu, leo mji mzima uko nasi! Hivi tunavyozungumza, kila nyumba inatutazama!"

Pembeni mwa kioo cha simu palikuwa na alama ya jicho na tarakimu moja. Nakijwa alidhani ni namba ya chaneli. Akaisogeza simu karibu, akaelewa. Mji mzima hauna umeme, visanduku vyote vya intaneti vimekufa, na nani angeunguza bando lake kumsikiliza mkurugenzi? Ile ilikuwa hesabu ya watazamaji. Mtazamaji alikuwa mmoja tu, naye ni yeye Nakijwa.

"Na sasa," Bwana Mbonea akasema, "tusome salamu za watazamaji wetu!"

Nakijwa aliandika haraka, akatuma. Akaona mtangazaji, binti mmoja wa watu, akiinama kusoma kisha akigeuka kumtazama mkurugenzi.

"Soma, usiogope."

"Mkurugenzi, ujumbe ni mmoja tu."

"Huo huo!"

Binti akasoma: "Ninayewatazama ni mimi peke yangu, na sikuja kuwatazama. Nguzo ya Mashineni imeanguka. Mji mzima hauna umeme. Vifaranga wangu wanakufa. Nipeni hao mafundi mliowakalisha kwenye viti."

Shemdoe akainuka safu ya tatu, bila kuomba ruhusa, na mafundi wenzake wakamfuata nje wakiwa na fulana zao mpya za uzinduzi. Saa saba na nusu umeme ukarudi.

Kesho yake vifaranga arobaini na mmoja walitoka. Mayai mengine yalikaa kimya.

Jumatatu Bwana Mbonea akafika kwa Nakijwa. Ungedhani amekuja kuomba radhi. Alikuja na mpiga picha.

"Mama, tunataka kukurekodi na hawa waliopona," alisema akitabasamu. "Watu wanapenda kisa chenye mwisho mzuri. Kitatazamwa sana."

Nakijwa aliingia ndani, akarudi na trei za mayai, akapasua moja juu ya sahani mbele ya mgeni wake. Ndani alilala kifaranga kamili, manyoya yote, mdomo umeshaanza kutoboa gamba.

"Huyu alibakiza kutoka tu," alisema. "Yako mengine mia mbili hamsini na manane. Keti, tutayapasua mimi na wewe, moja moja, na huyo kijana apige picha."

Bwana Mbonea akaketi juu ya ndoo. Akachukua yai. Walipofikisha ishirini, harufu ilikuwa imemwingia mpaka mikono ya shati.

"Zima kamera," alimwambia mpiga picha.

"Asizime," Nakijwa akasema. "Si ulikuwa unatafuta watazamaji?"

Mkurugenzi akafuta vidole, akampigia simu Shemdoe. "Fungua dirisha la dharura. Leo hii. Na kila nguzo uliyoitia rangi nyekundu, ianze kung'olewa kesho."

Akairudisha simu mfukoni, akataka kuinuka. Nakijwa akamsogezea trei.

"Yamebaki mia mbili thelathini na manane, Bwana Mkurugenzi."

Bwana Mbonea akaketi tena.

Funzo: Kabla hujatangaza jipya unalotaka kuwapa watu, kalishike kwa mikono yako lile la zamani walilokuamini nalo, uone kama bado lina uhai.