Kwa Nini Furukombe Huitupa Shingo Nyuma Anapoita

Sogeeni karibu, na nyinyi wawili mnaorushiana maneno tangu asubuhi kuhusu shule ya nani bora, wekeni silaha chini kwanza. Mmeisikia hiyo sauti ya mtoni? Huyo ni furukombe, yule ndege mla samaki mwenye kichwa cheupe. Nilitumikia jeshi miaka kumi na minane, nimesimama kwenye magwaride hadi magoti yakalia, na sijapata kusikia kisa cha gwaride kinachonipandisha mori kama chake.

Palikuwa na wakati furukombe alikuwa wa kahawia mwili mzima, kuanzia utosini hadi miguuni, na hapakuwa na kiumbe aliyeijua sauti yake. Wakati huo wanyama walikuwa na majeshi mawili, na kila jeshi lilikuwa na chuo chake. Upande huu wa mto Nyamwonga palikuwa na Chuo cha Kilimani, ambako pundamilia, swala, kobe na wenzao walijifunza kulinda nchi kavu. Mkuu wa chuo hicho alikuwa Nyati mzee, aliyependa unyoofu kiasi kwamba hata mkia wake aliufundisha kutopepea ovyo. Ng'ambo, ndani ya matete, palikuwa na Chuo cha Mtoni, cha viboko, mamba na fisimaji. Hicho kiliongozwa na Mama Kiboko, mwanamke wa maneno machache na miayo mirefu.

Vyuo hivyo vilipendana kama wake wenza. Kazi yao ilikuwa moja, adui wao alikuwa mmoja, lakini haukupita mwezi bila wao kufanyiana vituko. Mwaka mmoja vijana wa Kilimani walimkuta mkufunzi Mamba amelala juani, wakamvika shada la maua ya maboga shingoni bila yeye kushtuka. Mamba akaamka, akaenda moja kwa moja kufundisha somo la kumtisha adui, na maua yake yakining'inia. Inasemekana wanafunzi wake walicheka hadi wakanywa maji ya mto bila kutaka.

Chuo cha Mtoni nacho hakikulala. Walikuwa na mwanafunzi mmoja, Fisimaji, mwembamba, mtundu, mwenye kipaji cha kuiga sauti za watu. Siku ya ukaguzi mkubwa alijificha kwenye matete, akakohoa kile kikohozi cha Nyati, kisha akaamrisha kwa sauti nzito, "Nyuma geuka!" Nusu ya gwaride ikageuka na nusu ikabaki. Kabla hawajakaa sawa akaongeza, "Mbele tembea!" Lo! Pundamilia waligongana pua kwa pua, swala wakarukia migongo ya wenzao, na kobe mmoja akalala chali huku bado anapiga hatua. Wageni walishika mbavu.

Nyati hakucheka. Jioni ile ile alitunga sheria. Tangu siku hiyo, gwaride la Kilimani lingetii baragumu peke yake, na sauti yoyote ya kinywa ingehesabiwa kuwa upepo. Mtu akishapiga mguu sawa uwanjani, asisogeze hata sikio mpaka baragumu liseme. Na ili pasitokee mchanganyiko tena, mpiga baragumu aliapishwa asifungue kinywa chake uwanjani kwa neno lolote, liwe zuri au baya. Walikuwa na msemo wao, "Mpiga baragumu hana kinywa." Atakayevunja kiapo hicho angefukuzwa siku hiyo hiyo, arudi kwao bila cheo.

Kazi hiyo alipewa Furukombe. Aliisotea miaka mitatu, akijifunza milio yote ya baragumu, ile pembe ndefu iliyoachwa chuoni na babu Tandala. Mlio mmoja mrefu ulimaanisha simama. Miwili mifupi, tembea. Na ule wa tatu, unaopanda juu kwa nguvu kisha kushuka kwa vipande vipande, ulimaanisha kila mtu kimbilia kilimani. Furukombe alikuwa mtoto wa mjane. Mama yake alimlea kwa dagaa wa kuokoteza, na kwa miaka yote mitatu alikuwa akiwaambia majirani kwamba mwanawe atahitimu kwa kupiga pembe mbele ya nchi nzima. Kwa Furukombe hapakuwa na kitu kikubwa duniani kuliko siku hiyo.

Nayo ikafika. Wageni walikaa kwenye mteremko wa kilima, na mama yake alikuwa safu ya mbele, manyoya ameyachana vizuri. Uwanja wa gwaride ulikuwa chini, kandokando ya mto, na mto wenyewe ulifichwa na matete. Wanafunzi wakashuka, wakajipanga kwa safu, uso kwa wageni, mgongo kwa maji. Nyati akasimama mbele yao. Wakapiga mguu sawa kwa pamoja, ardhi ikaitika, na kukawa kimya.

Kumbe alfajiri Fisimaji alikuwa amekwisha kupita ghalani. Alikuta pembe imetundikwa, akaishindilia udongo mweupe laini uliokorogwa na ulimbo, akauziba mdomo wake mpana kwa nyasi na kuirudisha mahali pake. Hakuwa na nia ya kumdhuru mtu. Alitaka kicheko tu, na kwa ajili ya kicheko hicho alikuwa amewaleta wanafunzi wenzake wote wa Mtoni, wamejipanga ndani ya matete na mikono midomoni.

Furukombe akainua pembe. Akavuta pumzi ya miaka mitatu, akapuliza. Pembe ikavimba, ikapasuka paa! Uji wote ule mweupe ukamrudia usoni, ukamfunika kichwa, ukateremka shingoni mpaka kifuani. Matete yakalipuka kwa vicheko. Viboko walijipiga matumbo, wakapaliwa. Hata baadhi ya wageni walishindwa kujizuia. Mama yake alijifunika uso kwa bawa, na hilo Furukombe aliliona kabla ulimbo haujamziba macho. Iliuma, jamani. Iliuma sana.

Sasa angalieni jambo hili. Gwaride zima lilikuwa limesimama mguu sawa, na baragumu halikusema. Kwa hiyo hakuna aliyesogea. Nyati mwenyewe alikuwa anatetemeka kwa hasira hadi kwato zikagonga mawe, lakini sheria aliitunga yeye na alikuwa uwanjani, akabaki wima kama mwenzangu na mimi. Furukombe akajifuta macho kwa bawa, akaruka juu kwenda kuificha aibu yake. Ndipo akauona mto.

Milimani mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Maji yalikuwa yanakuja na magogo, mawe na miti iliyong'oka na mizizi yake, rangi ya matope, juu kuliko matete. Yalikuwa yamebakiza makona mawili tu kufika uwanjani.

Chini, Fisimaji naye alihisi maji yakibadilika miguuni. Mtoto wa mto haelezwi habari za mto. Kicheko kikamkauka, akachomoka kwenye matete, akakimbia hadi mbele ya gwaride.

"Maji! Maji yanakuja! Kimbieni, ndugu zangu, nawaapia kwa mama yangu!"

Hakuna aliyepepesa jicho. Swala mmoja alitabasamu kidogo kwa pembeni, akawaza kwamba safari hii hawadanganyiki. Fisimaji akamvuta Nyati mguu, akamlilia, akagaagaa chini. Wageni walipoona matete ya mbali yanalala nao wakapiga kelele, na kelele zao zikawa upepo vilevile. Hakuna adhabu kubwa kwa mwongo kama siku anayosema kweli, na siku hiyo Fisimaji aliilipia yote kwa mara moja.

Furukombe aliyaona haya yote kutoka angani. Alijua kwamba akinyamaza atabaki na cheo chake na wenzake watakufa, na akifungua kinywa atafukuzwa mbele ya mama yake, siku ile ile aliyoisubiri. Sitawadanganya kwamba hakusita. Alisita. Alizunguka mara moja angani, akamtazama mama yake, akautazama mto.

Akafungua kinywa. Mara ya kwanza kilitoka kikwaruzo tu, maana koo lilikuwa halijapaza sauti uwanjani miaka mitatu. Vijana wakadhani ni mzaha mwingine. Ndipo akaitupa shingo nyuma, kisogo kikagusa mgongo, koo likanyooka, na akautoa mlio wa tatu kama pembe ilivyokuwa ikiutoa, ukipanda juu kwa nguvu kisha ukishuka kwa vipande vipande. Kwiyooo! Kwi-yo-yo-yo!

Ee bwana! Miguu ya wale vijana ilitii kabla vichwa havijafikiri. Uwanja mzima ukainuka! Pundamilia wakapanda kilima kwa kishindo, swala wakapita juu yao, Nyati nyuma akiwasukuma waliochelewa kwa paji la uso. Wakabaki kobe, kikosi kizima cha kobe, wanakimbia kwa nguvu zao zote na hawafiki popote. Furukombe akashuka chini, akaita tena na tena juu ya vichwa vyao, na safari hii waliomwitikia walikuwa viboko. Chuo cha Mtoni kilitoka kwenye matete chote. Mama Kiboko mwenyewe alibeba kobe sita mgongoni. Mamba walibeba wawili wawili, na Fisimaji aliwasukuma wengine kwa kichwa, huku analia na kuomba msamaha njia nzima.

Maji yakaingia. Yalichukua jukwaa, yakachukua mlingoti wa bendera, yakachukua vipande vya pembe ya babu Tandala, uwanja ukawa mto. Kilimani wakahesabiana, wa chuo hiki na wa chuo kile, mara mbili kwa sababu ya wasiwasi. Hakupotea hata mmoja. Walikumbatiana, walirukaruka, pundamilia akambusu mamba na baadaye akakana.

Kisha Nyati akakohoa, na watu wakanyamaza.

"Furukombe, ulifungua kinywa uwanjani?"

"Ndiyo, afande."

"Kiapo ulikijua?"

"Nilikijua, afande."

Nyati aliinamisha kichwa. "Basi Chuo cha Kilimani hakiwezi kukuweka," alisema, na sauti yake ilikuwa nzito kwa huzuni. "Sheria niliitunga mimi. Nikiivunja leo kwa kuwa nakupenda, kesho nitaivunja kwa nini?" Mama yake Furukombe akaangua kilio. Vijana walionusurika wakaanza kunung'unika, na wengine wakapiga kwato chini kwa hasira.

Mama Kiboko akapiga mwayo, akasogea mbele. "Kama nyinyi hamumtaki, mzee mwenzangu, mwacheni aje kwetu. Mtoni tunaruhusu vinywa."

"Nani kasema hatumtaki?" Nyati akaruka kama aliyechomwa mwiba. "Huyu ni wetu! Tumemlea miaka mitatu!"

"Si umemfukuza sasa hivi?"

"Nimemfukuza, lakini ni wetu!"

Hapo ugomvi ukawaka upya, Kilimani wakisema wetu, Mtoni wakisema wetu, kobe wakigombana na wale wale waliowabeba. Fisimaji peke yake hakugombana. Alikuwa amechota maji na majani, anamsugua Furukombe kichwa na kifua kwa uchungu, anasugua na kusugua. Ulimbo ulikuwa umeshika na ule weupe haukutoka. Mwishowe Furukombe akamzuia mkono.

"Acha, ndugu yangu. Mama atanitambua hata hivi."

Kisha akawageukia wakubwa wawili. "Shikamooni wazee wangu. Mimi siendi Kilimani wala Mtoni. Nipeni tu mahali ambapo nitauona mto kabla yenu." Wakatazamana. Nyati akaitika kwa kichwa, na Mama Kiboko hakupiga mwayo. Furukombe akaruka hadi kwenye mti uliosimama ukingoni, wenye mizizi nchi kavu na matawi juu ya maji, akatua kwenye tawi la juu kabisa. Mama yake akamfuata, akatua kando yake mbele ya nchi nzima, kifua mbele. Furukombe akaitupa shingo nyuma, akaita. Na mama yake, ambaye hakuwa na kiapo na mtu, akaitupa shingo yake nyuma, akamjibu.

Na tangu siku hiyo furukombe ana kichwa cheupe na kifua cheupe, na watoto wake huzaliwa na madoa ya kahawia mpaka wakue waustahili ule weupe. Hukaa juu ya mti wa ukingoni, huitupa shingo nyuma anapoita, na mmoja akiita mwenzake humjibu. Siku wakiita, tazameni vizuri. Nyati malishoni huacha kutafuna, kiboko majini huinua masikio, na hakuna anayeuliza ni sauti ya chuo gani.